Ghala Moja na Wageni Watatu

Leo twapenda kuwaeleza habari za mashine moja ndogo iliyo nyumbani mwetu, na jinsi ilivyotutia haya. Hatuandiki ili kujisifu kwa ufundi, maana sisi si mafundi. Sisi ni mke na mume, sote waalimu wa shule ya sekondari kijijini, na mambo haya tumejifunza jioni baada ya kazi, tena kwa kukosea. Twaandika kwa sababu watu kadha wa kadha wametuuliza kama yafaa kuweka mashine ya namna hii nyumbani, na tena kwa sababu katika shughuli hiyo tulimkosea mtu. Aulizaye njia yapasa aelezwe na mahali penye shimo.

Mwanzo wa jambo ulikuwa hivi. Nyumbani mwetu palikuwa na haja tatu. Ya kwanza, tulitaka maktaba ya kusomwa pasipo intaneti, maana intaneti kwetu hununuliwa kwa vifurushi, na kifurushi kikiisha, kusoma nako kwaisha. Iko programu iitwayo Kiwix, ambayo kwayo mtu aweza kuihifadhi Wikipedia, hata ile ya Kiswahili iliyoanza mwaka 2003, akaisoma bila mtandao wa nje. Na iko nyingine, Kolibri, yenye masomo na video za hesabu na sayansi. Ya pili, tulitaka mahali pa salama pa kuweka alama za wanafunzi na barua za kazi. Ya tatu, alikuwako kijana, mtoto wa dada ya mmoja wetu, aliyemaliza kidato cha nne akaja kukaa kwetu ili ajifunze kazi ya kompyuta. Naye alihitaji mahali pa kujaribia, aharibu na kutengeneza tena pasipo kumdhuru mtu.

Haja tatu zilionekana kutaka kompyuta tatu, na kompyuta tatu zataka fedha nyingi na umeme mwingi. Ndipo mwalimu mwenzetu alipotufahamisha habari za mashine pepe. Alisema, Kompyuta ya siku hizi hushinda imekaa bure, kama jembe lililotundikwa ukutani. Kazi uipayo haifiki hata sehemu ya kumi ya nguvu zake. Kwa hiyo watu wamebuni programu ya kuigawanya kompyuta moja iwe kana kwamba ni nyingi. Kompyuta yenyewe ya chuma huitwa mwenyeji, na zile zilizo ndani yake huitwa wageni. Kila mgeni hudhani yu peke yake: ana diski yake, kumbukumbu yake, na anwani yake ya mtandao. Mmoja akiugua, wengine hawana habari. Ukitaka kumwondoa, wamwondoa, na nyumba yasimama.

Jambo hili si geni kama wengi wadhanivyo. Katika miaka ya 1960, mafundi wa kampuni ya IBM katika mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts, Marekani, walifanya programu iliyoitwa CP-40, ambayo kwayo watu wengi waliitumia mashine moja kubwa, kila mmoja akiiona kana kwamba ni yake. Mwaka 1972 kampuni hiyo ikatangaza VM/370 kwa wateja wake. Lakini mashine zile zilikuwa za mashirika makubwa. Mwaka 2005 Intel ilianza kutia ndani ya prosesa za kompyuta za kawaida uwezo wa kuisaidia kazi hiyo. Mwaka 2007 programu iitwayo KVM ikaingizwa katika kiini cha Linux. Na mwaka 2008 watu wa Vienna, nchi ya Austria, wakatoa Proxmox VE, inayokusanya mambo hayo yote mahali pamoja, nayo hutumika bila kulipiwa. Hivyo kitu kilichokuwa cha wakuu kikafika hata kwa mwalimu wa kijiji.

Basi tukanunua kompyuta ndogo ya ofisi iliyokwisha tumika, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 16 na diski ya gigabaiti 256. Tukaiweka juu ya matofali mawili, mbali na vumbi la sakafu, tukaisimika Proxmox kwa kijiti cha USB. Na vizuizi vikaanza siku ile ile. Twavitaja kwa utaratibu, ili atakayetufuata asipotewe na siku zake kama sisi.

Kizuizi cha kwanza: tulipomwumba mgeni wa kwanza na kumwagiza aanze, alikataa. Mashine iliandika kwamba KVM imeagizwa lakini haipatikani. Tukadhani tumeuziwa kitu kibovu, tukaanza kumnung'unikia muuzaji. Kumbe ule uwezo wa prosesa ulikuwamo, ila ulikuwa umefungwa katika BIOS, yaani yale maagizo ya awali ambayo mashine huyasoma kabla ya kuamka. Tuliufungua humo, na mgeni akaamka mara moja.

Cha pili kilikuwa cha njia. Tulitaka mashine ikae chumbani bila waya, ipate mtandao kwa Wi-Fi. Mwenyeji alipata, wageni wakakosa. Sababu yake ni kwamba Proxmox huwajengea wageni daraja, nao hupita juu yake kuingia mtandaoni, kila mmoja kwa anwani yake. Lakini njia ya Wi-Fi kwa kawaida haikubali kifaa kimoja kilichojiandikisha kije na anwani za wengine nyuma yake. Tukanunua waya wa mita 10, tukatoboa ukuta, neno likaisha.

Cha tatu kilikuwa cha anwani. Mwenyeji huyu haamrishwi sana kwa kioo chake mwenyewe. Huamrishwa kwa kivinjari cha kompyuta nyingine, kwa kuandika anwani yake na namba ya mlango, 8006. Sisi tuliiacha anwani iliyopendekezwa wakati wa kusimika, 192.168.100.2, hali ruta ya nyumba yetu ilikuwa 192.168.1.1. Tulikuwa kama watu waandikao barua kwa kijiji kisichokuwako. Saa tatu zilipita hata tulipoziandika namba hizo mbili kwenye karatasi na kuzilinganisha.

Cha nne, tulipotaka kuleta masahihisho ya programu, tulijibiwa 401, maana yake huna ruhusa. Hapo napo hapakuwa na ubovu. Proxmox mpya huelekezwa kwanza kwenye hazina ya wale wanaolipia msaada, nasi hatulipii. Wasiolipa wanayo hazina yao, nayo ni halali. Kazi ni kubadili maelekezo tu.

Cha tano ni umeme. Ulikatika usiku, ukarudi alfajiri, lakini mashine ikabaki imelala. Tuliagiza katika BIOS iwake umeme urudipo, na katika Proxmox tukaweka alama kwamba kila mgeni aanze pamoja na mwenyeji wake. Kiisha tukanunua betri ya akiba, ili umeme ukikatika tupate dakika za kuizima kwa utaratibu.

Angalieni, wasomaji: katika mambo hayo matano hapakuwa na kitu kibovu hata kimoja. Kila mara palikuwa na jambo tusilolijua, au lililoandikwa mbele yetu nasi hatukulisoma. Lau tungalilishika somo hilo, yasingalitupata haya tutakayoyaeleza sasa.

Diski ya gigabaiti 256 haibaki yote kwa wageni. Kwa hesabu ya kompyuta, ihesabuyo kwa 1024 wala si kwa 1000, huwa kama 238. Mwenyeji alitwaa sehemu yake ya kukaa. Akatwaa 8 za kuisaidia kumbukumbu. Akaacha 16 pasipo kuzigawa kwa mtu. Na zilizosalia, yapata 140, zikawa ghala la wageni. Ghala hilo lina desturi ambayo twaweza kuiita ugawaji mwembamba. Ukimwambia mgeni, Wewe una gigabaiti 100, yeye husadiki, naye huziona zote katika hesabu yake. Lakini ghalani hakipungui ila kile alichokitumia kweli. Ni kama mtu mwenye magunia 140, akawaandikia watu watatu hati za magunia 210, kwa kuwa ajua hawatakuja wote siku moja. Si udanganyifu, hata watu wenye mashine kubwa hufanya hivyo kwa faida. Walakini mwenye ghala yampasa kuchungulia ndani mara kwa mara.

Na sisi tuliandika hati zetu. Mgeni wa kwanza tulimwita Maktaba, tukamwahidi 100. Wa pili tulimwita Ofisi, tukamwahidi 50. Wa tatu tulimwita Mazoezi, akawa wa kijana, tukamwahidi 60. Jumla 210, ghala 140. Mashine yenyewe ilituonya: iliandika kwamba jumla ya diski zilizoahidiwa yazidi ukubwa wa ghala. Maneno hayo tuliyaona kwa macho yetu, tukabonyeza, tukapita.

Miezi minne tulikaa kwa raha. Jioni watoto wa jirani walikuja, wakaketi mkekani, wakasoma habari za volkeno na za moyo wa binadamu kwa simu mbili na kompyuta moja, wala hapana aliyeuliza kama kifurushi kimekwisha. Alama zilikaa mahali pake. Kijana naye alimvunja Mazoezi na kumjenga tena, hata sisi tukaanza kumwuliza yeye mambo tusiyoyajua.

Hata ikafika wiki ya kufunga alama mwishoni mwa mwaka. Zilitakiwa shuleni siku ya Jumatatu. Ijumaa jioni kijana alisimika mfumo mpya ndani ya Mazoezi, akatuarifu, akafunga kompyuta yake akaenda kulala. Usiku ule ule sisi tuliagiza Maktaba ilete video mpya za Kolibri, yapata gigabaiti 40, kwa kuwa kifurushi cha usiku ni cha bei nafuu. Hatukuwa na shaka, maana wiki mbili zilizopita tulikuwa tumefuta video za zamani, gigabaiti 45, na Maktaba ilituonyesha kwamba ina 75 zilizo wazi. Tukalala.

Jumamosi alfajiri mmoja wetu aliketi kuingiza alama za kidato cha pili, wanafunzi 43. Aliandika kwa muda wa saa nzima, na alipotaka kuzihifadhi, Ofisi ikanyamaza. Tukaenda kumtazama mwenyeji. Yeye alikuwa mzima. Lakini wageni wote watatu walikuwa wamesimama kama watu waliozirai, na mbele ya kila mmoja pana alama ya hatari na neno la kosa la kuandika diskini.

Hapo ndipo tulipokosa. Hatukuuliza mashine; tuliuliza, Nani aliyeigusa mwisho? Jibu lilikuwa karibu. Tulimwita kijana, tukamwambia kwa sauti ya juu kwamba ameharibu kazi ya muhula mzima kwa michezo yake. Akasema, "Mjomba, mimi sikuigusa Ofisi." Tukamjibu, "Basi ni nani mwingine?" Hakusema tena. Alichukua mfuko wake wa nguo, akaiacha kompyuta mezani, akatembea kilomita 9 mpaka kwa mama yake. Nasi hatukumzuia, tuliona kwamba kwenda kwake ni ungamo.

Siku hiyo na Jumapili tulihangaika. Tuliwazima wageni kwa nguvu na kuwawasha. Tulichomoa waya na kuurudisha. Tulibadili kiasi cha kumbukumbu. Tukabadili na mpangilio wa diski. Tulibadili mambo matano kwa saa moja, hata hatukujua lipi lilileta lipi. Zile alama za wanafunzi 43, zilizokuwa zikingoja katika kumbukumbu ya Ofisi, zilipotea hapo, kwa mikono yetu, tulipoizima kwa nguvu. Je, nakala ya akiba ilikuwapo? Ilikuwapo, lakini ya majuma matatu nyuma, tena iliwekwa katika diski ile ile. Mtu awekaye mbegu zake za akiba katika ghala lile lile la chakula, moto ukiwaka hana chakula wala mbegu.

Jumapili usiku, tulipokuwa tumechoka kubahatisha, mmoja wetu alisema, Hebu tusome. Kila mashine ya namna hii ina daftari lake la matukio, nayo huandika mchana na usiku bila kupendelea mtu. Tulilifungua, tukarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa, hata tukaliona neno la kwanza la msiba: ghala la wageni limeishiwa nafasi. Saa yake ilikuwa 02:40 kwa hesabu ya kizungu, yaani saa nane na dakika arobaini usiku. Kisha tukafungua michoro ambayo Proxmox huichora ya kazi ya kila mgeni. Mchoro wa Mazoezi ulikuwa umelala tambarare tangu Ijumaa saa kumi na mbili jioni. Mchoro wa Maktaba ulipanda kama mlima tangu usiku wa manane, ukakatika saa nane na dakika arobaini. Usiku ule kijana alikuwa amelala. Aliyemwagiza Maktaba ni sisi.

Tulikaa kimya muda mrefu. Yako makosa ambayo mtu hufurahi kuyagundua, kwa kuwa kazi itaendelea; hili halikuwa la namna hiyo.

Jumatatu asubuhi na mapema tuliomba ruhusa ya siku moja kwa mkuu wa shule, tukapanda pikipiki mpaka kwa mama yake. Tulimkuta kijana shambani akipanda mahindi. Hatukumwita pembeni, maana hatukumlaumu pembeni. Tulimwambia mbele ya mama yake kwamba kosa ni letu, kwamba tumelisoma daftari, na kwamba twamwomba radhi. Alitutazama, akasema, "Mjomba, mashine haikunitaja mimi. Ninyi ndio mlionitaja." Hatukuwa na jibu. Kisha akanawa mikono, akasema, "Twende tukaitazame."

Tulipofika aliandika neno moja fupi, lvs, ambalo huonyesha hesabu ya ghala. Palikuwa na mstari mmoja uliosema 100.00, yaani mia kwa mia. Akatueleza jambo tusilolijua. Mgeni afutapo kitu, hukifuta katika hesabu yake tu. Ghala halipati habari. Kwake yeye nafasi i wazi, lakini ghalani gunia lingali limeandikwa kuwa ni lake. Tena sisi, kabla ya kuzifuta zile video za zamani, tulikuwa tumepiga snapishoti, yaani picha ya hali ya diski kwa saa ile, ili tukijuta tuweze kurudi. Kisha tukaisahau. Na snapishoti hushika kila kitu kilichokuwako siku ilipopigwa, hukizuia kisitoke ghalani hata kama mgeni amekifuta zamani. Kwa hiyo Maktaba ilisema kweli kwamba ina 75 zilizo wazi, na ghala lilisema kweli kwamba lina 40 tu. Sisi tulimwuliza mgeni habari za ghala, hatukumwuliza mwenye ghala.

Dawa yake ilikuwa hii. Mnakumbuka zile gigabaiti 16 ambazo mwenyeji aliziacha pasipo kuzigawa tangu siku ya kusimika? Kijana alitwaa 10 katika hizo, akaliongeza ghala likawa 150. Akiba haiozi, walisema wazee. Ghala lilipopata pumzi alimwamsha Ofisi peke yake kwanza, wala hakuwagusa wengine, nasi tukanakili alama zote zilizosalia katika diski nyingine ya nje. Ndipo alipoifuta ile snapishoti. Ghala likapungua kidogo tu. Akafungua mipangilio ya diski ya Maktaba, akaweka alama mahali paitwapo Discard, ili mgeni aruhusiwe kulirudishia ghala kile asichokihitaji. Akamzima Maktaba kwa adabu na kumwasha. Akaandika ndani yake neno fstrim. Baada ya dakika chache alitazama tena hesabu: 63 kwa mia. Angalieni utaratibu wake: jambo moja, kisha kutazama, jambo la pili, kisha kutazama. Sisi tulikuwa tumefanya matano pasipo kutazama.

Alama za wanafunzi 43 hazikuwamo popote ndani ya mashine. Zilikuwamo katika daftari la karatasi, lililoandikwa kwa kalamu, maana mmoja wetu hakuiacha desturi hiyo ya zamani. Usiku ule tuliketi watatu: mmoja akisoma majina, mmoja akisoma alama, kijana akiandika. Tulimaliza kabla ya saa sita, na Jumanne asubuhi zilifika shuleni.

Sasa twawajibu waliotuuliza. Je, yafaa kuweka mashine ya namna hii nyumbani? Yafaa sana. Kwa gharama ya kompyuta moja iliyotumika tumepata maktaba, ofisi na karakana ya kujifunzia. Lakini anayetaka na azishike habari hizi tulizozinunua kwa aibu. Hesabu ghala lako kabla ya kuahidi, na ukiahidi kupita lilivyo, lichungulie kila wiki. Tena mwulize mwenyeji, wala si mgeni. Acha akiba ambayo humgawii mtu. Snapishoti si nakala ya akiba. Ni alama ya njia ya kurudi, nayo yafaa ifutwe safari ikiisha. Nakala ya kweli hukaa katika diski nyingine, na moja zaidi hukaa nyumba nyingine. Nayo ijaribiwe: sisi sasa kila mwezi twaifufua nakala ya Ofisi kama mgeni mpya asiyeunganishwa na mtandao, tukaona kama alama zasomeka, kisha twamfuta. Nakala ambayo hujapata kuifufua ni ahadi tu.

Na kosa litokeapo, soma daftari kwanza. Badili jambo moja kwa mara moja, uandike ulilolibadili. Jina la mtu lije mwisho, kama litakuja kabisa. Gigabaiti 45 zilirudi ghalani kwa dakika chache. Lakini ilipita zaidi ya mwezi kabla kijana hajatuuliza tena neno lo lote kwa uso wa kucheka kama zamani.

Diski ya mgeni ni rahisi kuikuza, lakini kuipunguza ni kazi ya hatari. Kwa hiyo kijana alimwondoa Mazoezi wa zamani akaumba mwingine, akamwahidi 30 badala ya 60. Juu ya mashine, ukutani, amebandika karatasi aliyoipiga mistari kwa rula. Kila Jumamosi mmoja wetu huandika humo hesabu tatu. Jumamosi iliyopita iliandikwa: ahadi 180, ghala 150, zilizotumika 97. Chini yake kijana ametia sahihi yake, nasi tumetia zetu.